Programu ya ziada ya usalama wa benki mtandaoni: Jua imekufikiaje kabla ya kuisakinisha

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwalimu mstaafu mmoja alifika ofisini kwetu Ijumaa mchana, simu mkononi, akitaka kujua iwapo Serikali ilikuwa imetoa tangazo kwamba kila mteja wa benki aweke programu ya usalama kwenye simu yake kabla ya mwisho wa wiki. Ujumbe alioupokea uliandikwa kwa Kiswahili fasaha, ulitaja jina la benki anayopokelea pensheni, na chini yake palikuwa na kiungo cha kupakulia programu hiyo. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa katika akaunti hiyo.

"Mwanangu," aliniuliza baada ya kuitikia shikamoo yangu, "kama jambo lenyewe ni usalama, nisipoiweka si nitakuwa mimi ndiye mzembe?"

Swali lake lilikuwa la haki, na halikustahili kujibiwa kwa kicheko wala kwa neno moja. Ni kweli kwamba zipo benki halali, katika nchi mbalimbali, ambazo zimewahi kuwahimiza wateja wao kusakinisha programu za ziada za kulinda miamala ya mtandaoni. Ni kweli vilevile kwamba wezi waliliona himizo hilo na kuligeuza kuwa chambo. Mwananchi anayepokea ujumbe wa namna hii anahitaji kuelewa mambo yote mawili, kwa sababu anayejua moja tu ama ataogopa kila kitu, ama ataamini kila kitu.

Mfano unaojulikana zaidi wa benki kuhimiza programu ya ziada ni wa Uingereza. Kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000, wateja wa benki kama HSBC, NatWest na RBS walipofungua ukurasa wa benki kwenye kompyuta zao, walikutana na ombi la kusakinisha bila malipo programu iitwayo Rapport. Programu hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Trusteer, iliyoanzishwa nchini Israeli mwaka 2006 na kununuliwa na IBM mwaka 2013. Haikuwa mbadala wa programu ya kawaida ya kuzuia virusi, bali nyongeza yake.

Sababu ya kuihitaji nyongeza hiyo inafaa kuelezwa kwa kituo. Mteja anapoingia kwenye tovuti ya benki, mawasiliano kati ya kompyuta yake na benki husafiri yakiwa yamefichwa kwa msimbo, ndiyo maana baadhi ya vivinjari huonesha alama ya kufuli. Watu wengi wakiiona kufuli hiyo hudhani kwamba kila kitu kiko salama. Lakini kufuli hulinda njia, haimlindi aliyeketi mwanzoni mwa njia. Iwapo programu hasidi imekwisha kuingia ndani ya kompyuta yenyewe, inaweza kusoma nywila inapoandikwa kwenye kibodi, kabla haijafichwa. Inaweza hata kujificha ndani ya kivinjari na kubadilisha maagizo: mteja anaona kwenye kioo kwamba anamtumia dada yake laki moja, ilhali benki inapokea agizo la kutuma milioni kadhaa kwa mtu asiyemfahamu. Benki haina namna rahisi ya kutambua tofauti, kwa kuwa agizo limetoka katika kompyuta ya mteja, kwa nywila ya mteja, katika muda ambao mteja mwenyewe yumo ndani ya akaunti yake.

Hofu hiyo haikuwa ya kinadharia. Mwezi Oktoba 2010, Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, lilitangaza kuvunjwa kwa mtandao wa wahalifu uliokuwa umeiba takriban dola milioni 70 kutoka akaunti za benki nchini humo kwa kutumia programu hasidi ya aina hiyo iitwayo Zeus.

Rapport ililenga kuziba pengo hilo. Ilificha herufi zilizobonyezwa tangu zinapotoka kwenye kibodi hadi zinapofika kwenye kivinjari, ilizuia programu nyingine kupiga picha ya kioo wakati ukurasa wa benki uko wazi, ilihakiki kwamba anwani ya tovuti inaelekea kweli kwenye mitambo ya benki, na ilimwonya mteja pale alipoandika nywila ya benki katika tovuti isiyo ya benki. Kazi hiyo ya mwisho, kwa maoni ya mwandishi, ndiyo iliyokuwa na manufaa makubwa kwa mtu wa kawaida, kwa kuwa inamkamata akiwa katika kosa lake lenyewe, kabla halijamgharimu.

Hata hivyo, haikuwa kinga kamili. Baadhi ya watumiaji walilalamika kwamba kompyuta zao zilikuwa nzito baada ya kuiweka, na mwaka 2011 mtafiti mmoja alionesha katika mkutano wa wataalamu wa usalama jijini London namna ulinzi wake wa kibodi ulivyoweza kukwepwa. Benki zenyewe ziliendelea kuitoa kwa hiari ya mteja. Nchini humo kanuni za huduma za malipo humtaka mtoa huduma arudishe fedha za muamala ambao mteja hakuuidhinisha, isipokuwa mteja awe amefanya udanganyifu au uzembe uliokithiri. Hivyo benki nayo ilikuwa na maslahi yake katika kugawa programu hiyo bure, jambo ambalo si kosa ila ni vema mteja alifahamu.

Wezi hawakuchelewa. Mwaka 2011 wataalamu wa usalama waligundua programu hasidi ya simu za Android, ya ukoo uleule wa Zeus, iliyojificha kwa jina na nembo ya Rapport yenyewe. Mteja ambaye kompyuta yake ilikuwa imekwisha kuambukizwa aliona, katikati ya ukurasa halisi wa benki, ombi la kuweka ulinzi kwenye simu. Aliitii akidhani anaongeza kufuli, kumbe alikuwa akimkabidhi mwizi ufunguo wa pili: programu ile ilinasa ujumbe mfupi wenye namba ya uthibitisho kutoka benki na kuupeleka kwa wahalifu.

Mbinu hiyohiyo ilitumika kwa kiwango kikubwa zaidi katika wizi uliopewa jina la Eurograbber, uliofichuliwa Desemba 2012. Wateja zaidi ya 30,000 katika nchi za Italia, Ujerumani, Hispania na Uholanzi walipoteza takriban euro milioni 36. Kompyuta zao ziliambukizwa kwanza. Kisha wakatumiwa ujumbe wa simu uliowataka wasakinishe programu ya kuongeza usalama. Watu hao hawakuwa wazembe kwa maana ya kawaida. Walifanya jambo ambalo kwa miaka kadhaa walikuwa wamehimizwa kulifanya, tofauti ikiwa tu kwamba mhimizaji hakuwa benki.

Korea Kusini inatupa funzo la upande mwingine: pale ambapo programu ni halali kabisa, na bado inageuka kuwa mlango. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilizuia kuuzwa nje kwa teknolojia ya kuficha taarifa yenye nguvu kubwa, na vivinjari vya wakati huo vilivyopatikana nje ya nchi hiyo vilikuwa na ulinzi hafifu. Wakorea wakatengeneza mfumo wao wenyewe, uitwao SEED, pamoja na cheti cha kielektroniki ambacho mteja alitakiwa kuwa nacho. Kwa kuwa vivinjari havikuuelewa mfumo huo, kila mteja wa benki alilazimika kusakinisha programu za nyongeza. Marekani ililegeza masharti yake mwaka 2000, lakini programu hizo hazikuondoka, ziliongezeka. Kwa miaka mingi raia wa nchi yenye intaneti ya kasi kubwa hakuweza kulipa bili bila kwanza kuweka kwenye kompyuta yake msururu wa programu za ulinzi. Hadhi maalumu ya cheti hicho ilifutwa kisheria Desemba 2020.

Mwezi Januari 2023 mtafiti Wladimir Palant alichapisha taarifa juu ya kasoro za kiusalama katika mojawapo ya programu hizo, TouchEn nxKey, ambayo kazi yake ilikuwa kulinda kibodi. Miezi miwili baadaye Idara ya Ujasusi ya Korea Kusini ilieleza kwamba wadukuzi wanaohusishwa na Korea Kaskazini walitumia udhaifu wa programu nyingine ya uthibitishaji wa miamala, INISAFE, kuingia katika kompyuta zaidi ya 200 za taasisi takriban 60. Programu hiyo ilikuwa imesambaa katika mamilioni ya kompyuta. Wengi walikuwa wameiweka zamani kwa ajili ya muamala mmoja na kuisahau, bila kuihuisha wala kuiondoa.

Turudi kwa mwalimu wetu. Mazingira ya Tanzania yanatofautiana na ya nchi hizo kwa kuwa mteja wa kawaida hapa hutumia simu kuliko kompyuta. Anayepiga menyu ya benki kwa alama ya nyota na reli hahitaji kusakinisha chochote. Ujumbe wowote unaomwambia kwamba menyu yake haitafanya kazi bila programu ya ulinzi unapaswa kumtia shaka papo hapo. Mwenye simu janja hutumia programu tumishi ya benki yake, na sehemu kubwa ya ulinzi uliokuwa ukitolewa na programu za ziada sasa hujengwa ndani ya programu tumishi hiyo na ndani ya mfumo wa simu. Kwa mteja huyu, ulinzi wa ziada wenye manufaa kuliko yote ni kuhuisha programu tumishi ya benki na mfumo wa simu kila toleo jipya linapotoka. Ni ushauri usio na mvuto, nami sina ulio bora zaidi.

Jambo la kwanza la kuchunguza, basi, ni namna programu ilivyomfikia mtu. Programu iliyotafutwa na mteja mwenyewe katika duka rasmi la simu yake, baada ya kuelekezwa na afisa wa tawi au kwa namba ya simu iliyochapishwa nyuma ya kadi ya benki, ina msingi. Iliyokuja kwa kiungo ndani ya ujumbe, kwa kundi la WhatsApp, au kwa sauti ya mtu anayejitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja, haina msingi huo hata kama nembo ni sahihi na lugha ni sanifu. Simu nyingi za Android humwonya mwenye simu pale anapojaribu kuweka programu kutoka nje ya duka rasmi. Onyo hilo halifai kupuuzwa kwa sababu tu aliye upande wa pili wa simu anasema ni la kawaida.

Jambo la pili ni ruhusa ambazo programu inaziomba. Ndani ya simu ipo huduma iliyobuniwa kwa nia njema ya kuwasaidia watu wenye ulemavu, hususan wasioona, ambayo huiwezesha programu kusoma yaliyomo kwenye kioo na kubonyeza vitufe kwa niaba ya mtumiaji. Programu ya wizi ikipewa ruhusa hiyo, inaweza kufungua programu ya benki, kusoma salio na kuthibitisha muamala huku mwenye simu akitazama. Ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi nayo ni nzito, kwa kuwa huko ndiko namba za uthibitisho hufikia. Zipo pia programu halali za kuendesha kifaa kutoka mbali, kama AnyDesk na TeamViewer, zinazotumiwa na mafundi wa kompyuta maofisini. Mtu asiyemfahamu anapokutaka uiweke mojawapo ili "akusaidie kulinda akaunti", anachoomba ni kukaa kwenye kiti chako.

Kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini, kufanya udanganyifu kwa njia ya kompyuta na kujifanya mtu mwingine ni makosa ya jinai. Ujumbe wa utapeli unaweza kutumwa kwenda namba 15040 pamoja na namba ya simu iliyoutuma, ili mamlaka zichukue hatua dhidi ya laini husika. Aliyekwisha kubonyeza kiungo na kusakinisha programu asianze na hilo. Azime intaneti ya simu, apige simu benki kwa kutumia simu nyingine na kuomba akaunti izuiwe, kisha abadilishe nywila na namba ya siri kutoka kifaa kingine, ndipo atoe taarifa polisi. Mpangilio huu una maana, kwa sababu nywila inayobadilishwa kwenye simu iliyoambukizwa inamfikia mwizi ikiwa mpya.

Mwalimu hakuwa amebonyeza kiungo. Tulimsaidia kuutuma ujumbe ule kwenda 15040, naye akaomba aandikiwe kwenye karatasi jina kamili la programu tumishi ya benki yake. Jumatatu alikwenda tawini. Afisa alimweleza kwamba benki haikuwa imetuma ujumbe wowote wa aina hiyo, akaikagua simu yake, na akamwonesha kwamba programu tumishi aliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, haijahuishwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Waliihuisha palepale, kwenye kaunta, huku foleni ikisubiri nyuma yake.