Liemba: Meli ya vita iliyowatumikia raia kwa miongo mingi

Bidhaa nyingi zinazofika katika eneo maalumu la kiuchumi la Masoro, jijini Kigali, hupakuliwa kwanza katika bandari ya Dar es Salaam, kisha hupandishwa malori hadi Rwanda. Zaidi ya miaka 110 iliyopita, Wajerumani walikusudia mizigo ya aina hiyo isafiri kwa reli. Mnamo 1914 walianza kujenga tawi kutoka Tabora kuelekea Rwanda, lakini Vita Kuu ya Kwanza vikaikatiza kazi hiyo.

Reli kuu ilikuwa imekwisha kufika Kigoma mapema mwaka huo. Ndiyo iliyoleta meli ambayo historia yake ingekuwa ndefu kuliko utawala uliyoiagiza.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuunganishwa tena Kigoma. Ilishushwa majini Februari 1915.

Ilipewa jina la Graf von Goetzen. Huyo ndiye Mjerumani aliyevuka Rwanda mwaka 1894 na kukutana na Mwami Kigeli Rwabugiri, kabla ya kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kuanzia mwaka 1901.

Meli ilifungwa mizinga na kutumika vitani. Julai 1916, majeshi ya Ubelgiji na Uingereza yalipokaribia, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi. Kabla ya hapo, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito ili isiliwe na kutu. Tahadhari hiyo ndiyo iliyoiokoa: Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa.

Kazi ya amani

Mei 1927 ilirejea kazini kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa Tanganyika katika upande wake wa kusini. Haikubeba tena mizinga. Ilibeba abiria, samaki wakavu, mahindi, sabuni na mabati, kati ya Kigoma na Mpulungu nchini Zambia. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na za dizeli.

Vijiji vingi vya mwambao huo havina gati wala barabara ya kutegemewa. Liemba ilipofika ilisimama mbali kidogo na nchi kavu, ikapiga honi, na mitumbwi ikaizunguka kushusha na kupandisha watu na mizigo. Kwa mjamzito aliyehitaji hospitali, au mvuvi aliyetafuta soko, honi hiyo ilikuwa na maana kubwa.

Watu wa Maziwa Makuu wanaikumbuka pia kwa sababu ya wakimbizi. Mwaka 1997, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliitumia kuwarejesha nyumbani Wakongomani zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma hadi Uvira. Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji. Liemba, yenye nafasi ya abiria wapatao 600, ilikwenda na kurudi ikiwahamishia Kigoma.

Pengo lake

Katika miaka ya karibuni meli hiyo ilisimamishwa ili ifanyiwe matengenezo makubwa. Inaposimama, wakazi wa mwambao hulazimika kutegemea maboti ya mbao, ambayo hujaa kupita kiasi na huwa hatarini upepo unapochafuka.

Kwa hiyo swali la Liemba si la kuhifadhi kumbukumbu ya ukoloni peke yake. Ni swali la usafiri salama kwa watu wa nchi nne zinazopakana na ziwa hilo: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya kuwatawala ndicho walichokigeuza kuwa njia yao ya kwenda sokoni, hospitalini na nyumbani.