Siku 30 zisizokwisha

Tarehe 6 Mei 2021, hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi wa muda, ilianza Kivu Kaskazini na Ituri ili kupambana na makundi yenye silaha. Wanajeshi walishika nafasi za magavana wa kiraia, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Katiba imeweka kikomo: siku 30, kisha bunge laweza kuongeza siku 15 kila mara. Nyongeza zilirudiwa kwa miaka, dharura ikageuka desturi. Kifungu cha 61 kinalinda haki ya kujitetea hata wakati huo. Ila haki hiyo hudhoofika pale gavana, mwendesha mashtaka na hakimu wanapovaa sare moja.