Senti yenye tundu: Jinsi seti ya sarafu za Afrika Mashariki inavyojengwa kipande kwa kipande

Sarafu ya senti kumi ya mwaka 1936 haimshtui mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Ni shaba iliyopigwa weusi na jasho la mikono, ina tundu katikati na pembe mbili za ndovu kando ya tundu hilo. Upande wa pili ndiko mkusanyaji anakosita. Maandishi yanasema EDWARDVS VIII.

Huyo ni mfalme wa Uingereza aliyekalia kiti kwa muda usiotimia mwaka mmoja, kuanzia Januari hadi Desemba 1936, akajiuzulu kabla hata ya kuvishwa taji. Nchini mwake hakuna sarafu yenye sura yake iliyowahi kutolewa kwa matumizi ya watu wa kawaida. Zilibaki chache za majaribio, na mwanzoni mwa 2020 ilitangazwa kwamba moja ya hizo, pauni ya dhahabu, imenunuliwa kwa pauni milioni moja. Huku Kenya, Uganda na Tanganyika, jina hilo hilo lilikuwa likilipia ndizi na chumvi sokoni. Sababu ni tundu. Senti zetu hazikuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme, kwa hiyo viwanda havikulazimika kusubiri picha yake, jina lilitosha. Hadi leo senti hizo hupatikana kwa bei ndogo mno.

Kwa anayetaka kuanza, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko kwingine kokote. Mwaka huo wa mfalme huyo zilipigwa senti tano na senti kumi, na kila moja ilipigwa na viwanda vitatu vya Uingereza: London, ambako hakuna alama, Heaton wa Birmingham aliyeweka herufi H, na Kings Norton aliyeweka KN. Vipande sita tu. Ni seti inayoenea kwenye kiganja, na anayeikamilisha atakuwa ameshajifunza karibu kila kitu anachohitaji kujua: kutafuta herufi ndogo, kulinganisha kipande na kipande, na kukubali kwamba kile cha sita huwa ndicho kinachochelewa.

Lugha yenyewe ni albamu

Msemaji wa Kiswahili hubeba historia ya fedha mdomoni bila kujua. Hela imetoka kwa Wajerumani: mwaka 1904 walianza kutoa sarafu za heller, mia moja kwa rupia moja, wakaziacha zile za zamani ambapo rupia iligawanywa kwa pesa 64. Neno pesa lenyewe lilivuka bahari kutoka India, likapigwa chapa kwenye shaba ya Sultan Barghash wa Zanzibar mwaka 1882 yenye picha ya mizani, kisha kwenye sarafu za kampuni ya Waingereza iliyotawala Mombasa, za mwaka 1888. Rupia haihitaji maelezo. Wazee wa Kenya bado huita senti tano ndururu, na senti hamsini ni thumuni pwani na bara. Dala ilikuwa shilingi tano, na kutoka kwake ikazaliwa daladala.

Kila neno kati ya hayo lina kipande chake cha chuma, na hapo ndipo kazi ya mkusanyaji inapokuwa na uzito kuliko inavyodhaniwa. Rupia nyingi za fedha, pamoja na zile riali kubwa za Maria Theresa zenye tarehe ya 1780, ziliyeyushwa na masonara wa pwani zikawa bangili na vikuku. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Ndiyo iliyokuwa benki ya watu. Lakini kilichoyeyushwa hakirudi, na kilichobaki kiko ndani ya makopo ya maziwa ya unga, chini ya vitanda vya watu wasiojua wanacho nini.

Fedha iliyotangulia mipaka

Seti kuu ya eneo hili ni ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwishoni mwa 1919 ikiwa na makao London. Ilianza kwa kuteleza. Mwaka 1920 ilileta florini kuchukua nafasi ya rupia, na kabla watu hawajaizoea ikaibadilisha kwa shilingi. Ndiyo maana kuna senti hamsini za 1920 zilizoandikwa pia shilingi moja, na senti hamsini za 1921 zilizoandikwa nusu shilingi. Ni jina lile lile na thamani mbili. Sehemu kubwa ya toleo la 1920 ilirudishwa ikayeyushwa, na florini ya 1921 ni miongoni mwa vipande ambavyo mkusanyaji wa kawaida ataviona kwenye vitabu vya orodha tu. Ni busara kulikubali pengo hilo mapema badala ya kulikosea usingizi.

Shilingi yenyewe, ile ya simba mbele ya milima, ni somo la uchumi lililowekwa kwenye duara. Hadi 1946 ilikuwa na robo ya fedha halisi ndani yake. Kuanzia 1948 fedha ikatolewa, ikawa shaba na nikeli. Maandishi pia yalibadilika: cheo cha mfalme kama mtawala wa India kiliondolewa baada ya India kujitawala. Wakati wa vita, meli zikiwa hatarini, kazi ilihamishwa. Shilingi za miaka hiyo hubeba herufi SA za Pretoria au I ya Bombay. Na wanaotafuta shilingi ya Malkia Elizabeth wasijisumbue. Shilingi ya mwisho ni ya 1952, bado ina kichwa cha baba yake. Malkia alipata senti hamsini na senti ndogo tu.

Sarafu hizo zilizunguka mbali. Zanzibar iliingia kwenye mfumo huo mwaka 1936, Aden ikafuata baadaye, na vita vilizipeleka hadi Somalia na Ethiopia. Ruanda-Urundi walikuwa upande mwingine, wakitumia faranga za Kongo ya Wabelgiji. Zile za miaka ya 1950 zenye mchikichi zina majina ya makoloni yote mawili. Kwa hiyo mkusanyaji wa Bujumbura na wa Kisumu hawaanzi na kopo moja. Wa Bujumbura ana ziada ya faranga yenye simba ya benki iliyohudumia Rwanda na Burundi pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wa Kisumu ana ziada ya senti zenye tundu. Kubadilishana ziada kwa ziada hukamilisha seti mbili bila fedha nyingi kutoka mfukoni.

Kubadilisha kilichochakaa

Seti haijengwi kwa kununua vizuri tangu siku ya kwanza. Hujengwa kwa kushika nafasi. Kipande chochote kinachosomeka tarehe huingia, hata kama simba amebaki kivuli, kisha miaka inapopita kinaondolewa na kuwekwa bora kuliko yeye.

Kosa linalowala wengi fedha ni kupanda ngazi moja moja. Mtu ana shilingi ya 1924 iliyochakaa sana, ananunua iliyochakaa kiasi, mwaka unaofuata ananunua nyingine iliyo afadhali kidogo. Amelipa mara tatu kwa nafasi moja, na jumla yake ingetosha kipande kizuri kabisa kama angetulia. Asiye na haraka huruka ngazi mbili au hanunui. Kile kilichoondolewa humfaa anayeanza. Hakuna haja ya kukilundika.

La kutazama ni sehemu zilizoinuka, kwa kuwa hizo ndizo huanza kulika: nyusi za mfalme na lulu za taji lake, manyoya ya simba upande wa pili. Mng'ao peke yake ni shahidi wa uongo. Sarafu ya shaba yenye miaka 80 inayong'aa kama kitasa cha mlango imesuguliwa, na mara nyingi aliyesugua alikuwa na nia njema. Majivu, ndimu, ukwaju, dawa ya meno: vyote hivyo huondoa ngozi ya juu ya chuma pamoja na uchafu, na ngozi hiyo haioti tena. Sarafu chafu ina thamani kuliko iliyooshwa. Hili halisemwi vya kutosha kwenye familia zetu, ambako jambo la kwanza kufanyiwa urithi wa babu ni kusafishwa kabla mgeni hajauona.

Adui wa pili ni unyevu, na miji ya pwani haina huruma. Sarafu ihifadhiwe kwenye karatasi isiyo na asidi au plastiki ngumu, pamoja na vile vifuko vidogo vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Albamu za plastiki laini yenye harufu kali huacha utando wa kijani unaonata. Kushika ni kwa ukingo, kama mtu anavyoshika glasi ya chai ya moto.

Kisha kuna kadi. Kipande kisicho na kadi inayosema kilipatikana wapi, lini na kwa kiasi gani, ni nusu ya kipande. Hapo ndipo sheria ya kubadilisha inapokuwa na mpaka. Florini iliyolika aliyolipwa bibi kwa kazi ya shamba isiondoke kwenye seti kwa sababu tu imepatikana yenye sura nzuri. Iwekewe nafasi ya pili kando yake.

Rupia za Mjerumani na vipande vya Kilwa

Hakuna eneo lenye hasara kubwa kama la Wajerumani. Tanzania ina watu waliouza ng'ombe wakifuata uvumi wa mali iliyofukiwa karibu na boma, au kununua rupia inayodaiwa kuwa na nguvu za ajabu. Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ni sarafu nzuri, lakini ni fedha tu: uzito wake ni gramu 11.66, na mizani ya sonara inatosha kutoa jibu la kwanza. Ikivutwa na sumaku, mazungumzo yamekwisha. Mwaka 1916, vita vikiwa vimekata njia za baharini, Wajerumani walipiga sarafu kwenye karakana ya reli Tabora. Heller ishirini za shaba za Tabora bado hupatikana, zikiwa na mapigo ya ovyo yanayoonyesha haraka ya siku zile. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima, ilitoka vipande vipatavyo 16,000 pekee na huigwa sana. Anayeiuza kituo cha basi anauza kitu kingine.

Vipande vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa ni jambo jingine kabisa. Vilipigwa karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika, na vitano kati yake viliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, hakuna anayejua kwa hakika vilifikaje. Kwa anayejenga seti, jibu ni fupi: hivyo havinunuliwi. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kila kipande kinachochimbuliwa kwa siri huondoka na habari za udongo kilimolala. Nafasi yake kwenye albamu ibaki tupu, au ibandikwe picha.

Baada ya 1966

Bodi ilipovunjwa, benki kuu tatu zilianza mwaka mmoja, na sarafu zao za kwanza zote zina tarehe ya 1966. Ni seti ya bei nafuu kuliko zote. Tanzania iliweka samaki, mbuni, sungura na mkono ulioshika mwenge. Uganda ikaweka korongo wake mwenye taji. Kenya ilimweka Mzee Kenyatta bila kuandika jina lake; jina lilikuja 1969. Sura za marais ziliendelea Kenya hadi Katiba ya 2010 ilipozikataza, na Desemba 2018 zikaja twiga, kifaru, simba na ndovu.

Mwenye kuhangaika na shilingi za 1924 asisahau chenji ya leo. Shilingi mia tano ya Tanzania iliyotolewa 2014, ikichukuliwa benki kabla haijapita mikononi mwa makondakta, haitahitaji kubadilishwa kamwe.

Itifaki ya sarafu moja ya Jumuiya ilisainiwa Kampala Novemba 2013, ikilenga 2024. Lengo sasa ni 2031. Wakati huo huo, kwenye makopo ya nyumbani bado kuna senti tano na senti kumi za 1964, za mwisho kutolewa na Bodi. Tundu liko pale pale na pembe za ndovu ziko pale pale. Jina la malkia limeondolewa, na jina la rais yeyote halijaingia. Limebaki neno Afrika Mashariki, kwa Kiingereza, na tarehe.