Deni Lisiloandikwa Nalo Hulipwa

Wazee wetu walisema kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Mwenye duka wa Mtaa wa Kongo haihitaji kufundishwa methali hiyo. Huchukua mali kwa mkopo, hukopesha wateja wake, na kila jioni daftari humwonyesha anayemdai na anayedaiwa. Serikali nayo ina daftari lake. Leo twapenda kuzungumzia malipo ambayo hayaandikwi katika daftari la Deni la Taifa, lakini mwananchi huyalipa vile vile.

Serikali haikopi ipendavyo. Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 inaweka mpaka wa fedha ambazo Serikali yaweza kuazima katika Benki hiyo. Kadhalika, Itifaki ya Umoja wa Fedha wa Afrika Mashariki, iliyotiwa sahihi mjini Kampala tarehe 30 Novemba 2013, inataka deni la nchi, kwa thamani yake ya sasa, lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa, na pengo la bajeti lisizidi asilimia 3, misaada ikiwa imehesabiwa. Mipaka hiyo ina maana, kwani deni la leo ni kodi ya watoto wetu. Lakini shule, barabara na mitaro ya maji ya mvua havingoji. Ndiyo sababu Serikali yo yote, ikifika mpakani, hutafuta njia nyingine. Sisi hatusemi kwamba njia hizo ni mbaya. Twasema kwamba kila moja ichunguzwe.

Nchi yetu ina mfano mkubwa wa njia ya namna hiyo. Mwaka 1965, Tanzania ilipovunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, mkopo wa pauni milioni 7.5 tulioutarajia ulizuiwa. Benki ya Dunia nayo haikukubali kugharimia reli ya kwenda Zambia. China ilikubali. Mapatano yalitiwa sahihi mjini Peking tarehe 5 Septemba 1967, na hatimaye tukapewa, sisi na Zambia, mkopo wa Yuan milioni 988 usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30.

Hata hivyo, Yuan hazimlipi kibarua wa Kitanzania mshahara wake. Gharama za hapa nchini zilihitaji shilingi. Kwa hiyo China ilileta bidhaa za matumizi kwa mkopo, mashirika ya umma ya biashara yakaziuza, na shilingi zilizopatikana zikalipa gharama hizo. Mfanyakazi wa Dar es Salaam aliyenunua bidhaa ile dukani alikuwa akichangia ujenzi wa reli ya kilomita 1,860, huenda bila kujua.

Njia hiyo ilikuwa na sifa zake. Aliyetoa shilingi alipata kitu mkononi, na reli yenyewe ilikabidhiwa mwaka 1976 ikaonekana kwa macho. Lakini ilikuwa na gharama pia. Bidhaa iliyokosa mnunuzi haikuleta shilingi. Kila kitambaa kilichotoka nje kilishindana na vitambaa vyetu, vikiwemo vya kiwanda cha Urafiki, ambacho China hiyo hiyo ilitusaidia kukijenga. Tena bidhaa zenyewe zilikuwa deni.

Njia ya pili tumeiona juzi tu. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala. Tozo si mkopo, wala haiongezi Deni la Taifa. Lakini mchukuzi wa Kariakoo anayemtumia mama yake fedha kijijini alikatwa katika fedha ambazo hazikuwa faida ya biashara yo yote, bali msaada wa mtoto kwa mzazi. Wananchi walilalamika. Mwezi Septemba mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2023 ile ya kutuma fedha ikafutwa. Chombo kinachomgusa kila mtu kwa siri ya mashine hakidumu asiporidhika.

Njia ya tatu ni hatifungani. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitafuta shilingi bilioni 53.12 kwa wananchi na taasisi, kwa riba ya asilimia 13.5 na muda wa miaka 10. Mwishoni mwa mwaka huo benki ya CRDB ilitoa hatifungani ya miundombinu ili kuwakopesha wakandarasi wa barabara za TARURA, kwa riba ya asilimia 12 na muda wa miaka 5. Ilitafuta shilingi bilioni 150 ikapata zaidi ya bilioni 300. Twafurahi kuona fedha za Watanzania zikijenga Tanzania. Lakini tusisahau kwamba riba ya maji ya Tanga italipwa na mwenye bomba, na mkandarasi wa barabara hulipwa kwa fedha za umma. Tena aliyetaka hatifungani ya CRDB alihitaji shilingi 500,000 kwa uchache. Mwenye akiba hupata riba, na asiye na akiba huchangia kuilipa. Jambo hilo lasemwe wazi.

Hapa twawageukia ndugu zetu wenye maduka. Tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, wakilalamikia kamatakamata ya kodi na usajili wa stoo, hata Waziri Mkuu akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Kusikilizwa ni haki yao. Lakini muuzaji anayeuliza, "Utachukua na risiti au bila risiti?", anahamisha mzigo wake. Kodi asiyoilipa yeye itatafutwa kwa mchukuzi, kwa mama lishe na kwa mtumaji wa fedha. Mtoza kodi anayebambikiza makadirio naye humfundisha mwenzake kujificha. Wote wawili wanaisukuma Serikali kwenye njia za pembeni.

Sisi twapendekeza kwamba kila njia mpya ya kutafuta fedha isomwe kwanza mbele ya wananchi, katika mikutano ya mitaa na ya matawi, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Waambiwe ni nani atakayelipa, kwa miaka mingapi, na kitajengwa nini mahali gani. Baada ya mwaka wasomewe hesabu. Mwanachama asione haya kuuliza. Kuuliza si upinzani. Na mfanyakazi anaponunua hata sufuria moja Kariakoo, adai risiti yake.

Dawa ya deni ni kulipa. Anayelipa ana haki ya kuliona daftari.