Treni ya Mwanza Kwenye Kompyuta: Anza na Ratiba

Kijana wa Kiseke, Mwanza, anayetaka kuigiza safari ya Mwanza hadi Tabora kwenye programu kama Trainz au Open Rails, mara nyingi hutafuta kwanza picha ya kichwa cha treni. Ushauri wangu ni kwamba aanze na ratiba, kwa sababu ratiba ndiyo itakayomwambia ni kichwa gani kinafaa.

Reli ya Tabora–Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ni ya njia moja. Treni zinazokabiliana hupishana stesheni tu: moja huingia njia ya pembeni, ikasubiri nyingine ipite. Ratiba wanayobandikiwa abiria haisemi hayo. Yanapatikana katika ratiba ya kazi, ile ya madereva na wakuu wa stesheni, yenye treni za mizigo, mahali pa kupishana na mwendo unaoruhusiwa.

Ukiikosa, chora grafu. Panga stesheni kutoka juu kwenda chini: Mwanza, Fela, Mantare, Malampaka, Shinyanga, Isaka, Tabora. Saa ziende kutoka kushoto kwenda kulia, na kila treni iwe mstari. Mistari miwili ikikatana katikati ya stesheni mbili, umegonganisha treni, rekebisha. Treni ya abiria ikisimama muda mrefu kwenye stesheni ndogo, chunguza kama inasubiri kupishana. Na mstaafu akikwambia treni iliondoka saa kumi na mbili jioni, andika 18:00 papo hapo, maana ratiba iliyochapishwa huhesabu saa 24.

Kisha chagua mwaka, na uuheshimu. Enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, vichwa vya mvuke aina ya Garratt vya daraja la 59, vyenye uzito wa tani 250 hivi, vilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Reli za Tanganyika hazikuweza kubeba uzito huo. Huku zilitumika Garratt nyepesi za daraja la 60. Ukiiweka ya 59 Shinyanga, umeharibu igizo zima hata kama rangi yake ni sahihi. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, hivyo nembo zake nazo zina mwisho.

Upana wa reli nao ni ushahidi wa treni ipi inafaa. Njia ya Mwanza ni milimita 1,000, TAZARA ni 1,067, na reli ya kisasa ni 1,435. Treni za umeme zilizoanza kubeba abiria Dar es Salaam–Morogoro mwaka 2024 haziwezi kupita kwenye njia hii ya zamani.

Anayependa kazi ya kupanga mabehewa asiiache bandari ya Mwanza Kusini. Hapo mabehewa ya mizigo huingizwa ndani ya meli ya MV Umoja na kuvushwa ziwani hadi Port Bell, Uganda, ambako reli nayo ni ya milimita 1,000, hivyo yanaendelea na safari bila kupakuliwa.

Kumbukumbu nyingi za njia hii zimo vichwani mwa wastaafu na katika makaratasi ya nyumbani. Kama babu au baba yako alifanya kazi reli, muombe ruhusa, piga picha kila ukurasa wa ratiba aliyohifadhi, na uandike mwaka wake kabla karatasi haijaliwa na mchwa.