Mount Gelai kwa Sentimita 36: Usahihi katika Modeli za Vichwa vya Treni

Modeli ya kichwa cha treni inayodai kuwa sahihi huwakilisha kichwa kimoja chenye namba yake, kama kilivyokuwa mwaka fulani, baada ya matengenezo fulani na kabla ya mengine. Sharti hili ndilo linaloitenga fani inayojadiliwa hapa na treni za kuchezea, na ndilo pia linaloitenga na modeli nyingi za dukani, ambazo mara nyingi huchanganya sifa za vichwa kadhaa vya daraja moja ili umbo lile lile liuzwe kwa namba tofauti za ubavuni. Vichwa vilivyotoka kiwanda kimoja katika mwaka mmoja huanza kutofautiana mara tu vinapopita karakana, kwa maana kimoja hubadilishiwa taa, kingine huongezewa ngazi, na cha tatu hupachikwa tangi lililong'olewa kwenye kichwa kilichopata ajali. Mwundaji asiyeamua mapema anaunda kichwa kipi, na cha lini, hujikuta na kazi safi ya mikono isiyowakilisha chombo chochote kilichowahi kupita relini.

Mfano unaolieleza jambo hili vizuri ni vichwa vya daraja la 59 vya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, ambavyo vilikuwa 34, vikaundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956, kila kimoja kikipewa jina la mlima. Kila kichwa kilikuwa na urefu wa karibu mita 31.7, uzito wa takriban tani 256 na magurudumu 28, kikichoma mafuta mazito badala ya makaa ya mawe, na kazi yake kubwa ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, njia inayoanza usawa wa bahari na kuishia mwinuko wa zaidi ya mita 1,600. Viwili kati yavyo, namba 5918 Mount Gelai na namba 5930 Mount Shengena, vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, ingawa milima ambayo majina yake vimeyabeba yote iko Tanzania, mmoja karibu na Ziwa Natron na mwingine katika safu ya Upare.

Vichwa hivi ni vya muundo wa Garratt, uliobuniwa na mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt, na ambao zao lake la kwanza lilitoka katika kiwanda hicho hicho mwaka 1909 kwenda Tasmania. Katika muundo huo boila, tanuri na kibanda cha dereva hubebwa na fremu moja inayoning'inia kati ya vitengo viwili vya injini, kila kitengo kikiwa na silinda zake na magurudumu yake, na fremu huegemea juu ya kila kitengo kwa namna inayokiruhusu kitengo kugeuka peke yake kwenye kona. Tangi kubwa la maji hukaa juu ya kitengo cha mbele, na tangi la mafuta hukaa juu ya kitengo cha nyuma. Kwa kuwa chini ya boila hapana magurudumu, mhandisi hupata nafasi ya kulinenepesha, na ndiyo maana boila la daraja la 59 lina kipenyo cha karibu mita 2.29 juu ya reli zilizoachana mita moja tu. Kwa mwundaji maana yake ni kwamba modeli ina viwiliwili vitatu vinavyotembea kila kimoja kwa mwendo wake, na kwamba kila bomba, kila ngazi na kila kishikio lazima kijulikane kimefungwa kwenye kiwiliwili kipi, la sivyo kona ya kwanza itakiondoa.

Kabla ya kukata bati lolote huja suala la skeli, yaani uwiano kati ya modeli na kitu halisi. Skeli iliyoenea kuliko zote duniani ni ya 1:87, ambayo huitwa HO, na katika uwiano huo kichwa cha daraja la 59 huwa na urefu wa milimita 364, gurudumu la kusukuma lenye kipenyo cha milimita 1,372 huwa chini kidogo ya milimita 16, na ribiti yenye kichwa cha milimita 20 hubaki na chini ya robo ya milimita. Reli ya mita moja, ikigawanywa kwa uwiano huo huo, hutoa milimita 11.5, lakini reli ya modeli inayouzwa kwa ajili ya mita moja ina upana wa milimita 12, ambao ukikuzwa hutoa takriban milimita 1,045. Upana huo si wa mita moja, wala si wa milimita 1,067 unaotumika kusini mwa Afrika, nao hutumika kuwakilisha reli zote mbili. Kwa bahati njema, daraja la 59 lilisanifiwa tangu mwanzo liweze kubadilishwa kwa urahisi kutoka reli ya mita moja hadi reli ya milimita 1,067, hivyo modeli inayosimama katikati ya vipimo hivyo viwili inaweza kusamehewa kuliko modeli nyingine nyingi.

Waingereza wana kosa kubwa zaidi la namna hiyo, nao wamelizoea kiasi kwamba wengi hawalioni tena. Vichwa vyao halisi vilikuwa vyembamba kuliko vya Marekani na vya bara la Ulaya, na mota za zamani hazikuenea ndani ya maumbo yao ya 1:87, kwa hiyo watengenezaji walilikuza umbo hadi 1:76 huku wakiacha reli ile ile ya milimita 16.5, ilhali reli ya kawaida ya milimita 1,435 katika skeli hiyo ingetakiwa kuwa na milimita 18.83. Matokeo yake ni kichwa kinachoonekana kimebana miguu. Wapo waliokataa, wakajitandikia reli za milimita 18.83 na kujitengenezea magurudumu yanayolingana nazo, na kazi zao zikitazamwa kutoka mbele, usawa wa macho na reli, hutofautiana na nyingine waziwazi hata kwa mtu asiyejua sababu.

Ushahidi wa umbo hutafutwa mahali pengi, na hakuna mahali pamoja panapotosha. Nyaraka na michoro ya Beyer, Peacock, kiwanda kilichofungwa mwaka 1966, zimehifadhiwa katika makumbusho ya sayansi na viwanda ya Manchester, lakini mchoro wa kiwandani hueleza kilichokusudiwa, na fundi wa karakana hakuwa na wajibu wa kuuheshimu miaka 15 baadaye. Picha rasmi za kiwandani nazo zina hila yake, kwa kuwa viwanda vingi vilikuwa na desturi ya kukipaka kichwa kipya rangi ya kijivu ili mistari ionekane vizuri kwenye picha, kisha kukipaka rangi ya kazi baadaye. Kichwa kinachosimama makumbusho huruhusu kupimwa kwa futi kamba, na picha ikipigwa huku fimbo iliyochorwa vipande vya sentimita kumi kumi imesimamishwa ubavuni, kila kitu kilicho katika usawa ule huweza kukokotolewa vipimo. Hata hivyo kichwa hicho huonyesha hali yake ya leo, pamoja na rangi ya marudio na viungo vilivyokwisha kung'olewa. Picha za safarini zenye tarehe ndizo mwamuzi wa mwisho. Kwa mfano, baadhi ya vichwa vya Afrika Mashariki viliwekewa dohani ya Giesl, iliyobuniwa na mhandisi wa Austria na ambayo ni nyembamba kwa upana na ndefu kwa kufuata urefu wa boila, na tofauti kati yake na dohani ya mviringo huonekana tangu mbali. Kuiweka au kutoiweka bila picha ya kichwa husika katika mwaka husika ni kubahatisha.

Kipimo cha boila ni mtego mwingine. Zile mita 2.29 ni za boila lenyewe, ilhali mtazamaji huona bati jembamba la nje lililofunika tabaka la kuzuia joto, na anayetumia namba ya kitabuni bila kuongeza unene huo huishia na boila lililokonda. Kasoro ya aina hii huumiza kuliko ribiti mia zilizosahaulika, kwa sababu jicho hutambua kwanza uwiano: kimo cha boila kutoka relini, pengo kati ya tangi na sanduku la moshi, mahali mstari wa kibanda unapokutana na mstari wa tangi la mafuta. Waundaji wengi chipukizi hutumia miezi kwenye vidude na siku mbili kwenye kimo, na fani ingekuwa na modeli nzuri zaidi kama muda huo ungegeuzwa.

Umbo lenyewe kwa kawaida hujengwa kwa bati la shaba njano au la aloi ya nikeli lililochongwa kwa kemikali, njia ambayo hukata vipande na kuacha alama za ribiti kwa upande wa nyuma ili zisukumwe kwa sindano butu, kisha vipande hukunjwa na kulehemiwa. Vitu vya mviringo, kama vali za usalama na pampu, husubiwa katika kalibu iliyofinyangwa kuzunguka umbo la nta, na siku hizi vingi huchapwa kwa printa ya 3D inayotumia utomvu unaoganda kwa mwanga. Kila njia ina kikomo chake. Bati la tangi lenye unene wa milimita 6 lingehitaji kuwa na milimita 0.07 katika modeli, unene ambao haushikiki, kwa hiyo mwundaji huacha bati nene na kuchonga kwa tupa kingo zinazoonekana tu, mathalani ukingo wa dirisha la kibanda na mdomo wa tangi, na jicho hukubali kwamba bati zima ni jembamba. Vishikio vya mkono havina udhuru huo, kwani waya wa milimita 0.4 hupatikana kwa urahisi na unakaribia sana kipimo halisi; kishikio kinene kilichosubiwa pamoja na ukuta wa kibanda ndicho alama ya kwanza ya modeli iliyoundwa kwa haraka.

Magurudumu hayana maridhiano ya siri kama hayo, kwa sababu lazima yatembee. Gurudumu la kawaida la modeli za HO, linalofuata vipimo vya chama cha Marekani cha waundaji wa modeli za reli, NMRA, lina upana wa milimita 2.79 na ukingo, yaani mdomo unaolizuia lisitoke relini, wa karibu milimita 0.6; ukikuzwa, upana huo ni sentimita 24, ambao gurudumu halisi haliufikii hata kidogo. Gurudumu lenye vipimo halisi linawezekana, ila hudai reli iliyotandikwa kwa unyoofu ambao nyumba nyingi haziwezi kuutunza. Kona huongeza tatizo, kwa kuwa kona halisi yenye nusu kipenyo cha mita 175, ambayo kwa reli ni kali, ingekuwa ya mita 2 katika modeli, na watu wengi hawana chumba cha kuitosha. Katika kona ya sentimita 80 magurudumu madogo ya mbele hugonga silinda, na vitengo vya injini hufunua chini ya boila mapengo ambayo kichwa halisi hakikuwahi kuyaonyesha.

Ndani ya vitengo ndimo ufundi wa saa unamohitajika. Pini za magurudumu ya kulia hutangulia au kuchelewa kwa robo mzunguko kulinganisha na za kushoto, ili upande mmoja unapofika mahali pistoni isipoweza kusukuma, upande wa pili uwe katikati ya nguvu zake, na ekseli zote nne za magurudumu ya kusukuma ya kitengo lazima zilingane katika robo hiyo. Ekseli moja ikikosea kwa nyuzi chache, fito zinazounganisha magurudumu hukwama mara moja kila mzunguko, na kichwa huenda kwa kuchechemea.

Rangi ya daraja la 59 ilikuwa nyekundu ya damu ya mzee, na rangi iliyochukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye kichwa halisi huonekana nzito mno juu ya kitu cha sentimita 36, kwa hiyo hupunguzwa ukali kwa tone la kijivu. Uchafu nao una jiografia yake. Kichwa kinachochoma mafuta hakina majivu wala vumbi la makaa, na badala yake kina masizi meusi yenye mng'ao juu ya boila na michirizi chini ya mdomo wa tangi la mafuta. Mahali maji ya boila yalipovuja hubaki weupe wa chumvi. Na magurudumu, fremu na sehemu ya chini ya matangi hubeba vumbi jekundu la Voi na Tsavo. Modeli iliyopakwa kutu ya rangi ya chungwa kila mahali, kama inavyopendwa na wengi, huwakilisha kichwa kilichotupwa, wala si kile kilichokuwa kikivuta tani 1,200 kila juma.

Sauti ndiyo sehemu ambayo bado inawashinda wengi. Katika mfumo wa kidijitali umeme hubaki relini wakati wote, na kila kichwa hubeba dekoda, yaani saketi ndogo inayopokea amri, kuendesha mota na kutoa sauti kupitia spika iliyofichwa ndani ya tangi. Kitengo chenye silinda mbili hutoa mipigo minne ya mvuke kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kwa kuwa vitengo viwili vya Garratt havikuunganishwa kwa fito yoyote, tofauti ndogo ya kipenyo cha magurudumu au kuteleza kidogo kwenye mwinuko huifanya mipigo ya vitengo hivyo ipishane, ikutane, kisha ipishane tena. Dekoda moja yenye sauti moja haiwezi kulitoa hilo, kwani hurudia mipigo ile ile bila kuachana. Suluhisho linalokaribia ukweli ni kuweka mota na dekoda katika kila kitengo na kuzipa kasi zinazotofautiana kidogo sana, tofauti iwe ya kusikika bila kitengo kimoja kuanza kukisukuma kingine, na marekebisho hayo hufanywa kwa sikio, treni ikiwa na mzigo kamili nyuma yake.