Ndege za Vita na Kumbukumbu Zisizo na Jumba

Mwalimu wa historia wa Migori au Homa Bay akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake mambo ya kale, hakosi pa kuwapeleka. Ipo Thimlich Ohinga, boma lenye kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ambalo UNESCO ililitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kisiwani Rusinga lipo kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa mwaka 1969, na hapo mwalimu aweza kusimulia jinsi wanafunzi 81 walivyosafirishwa kwa ndege hadi Marekani mwaka 1959. Lakini mwanafunzi mdadisi akimwuliza habari za ndege za kivita na za watu wa mkoa huu waliozihudumia, mwalimu huyo hana pa kunyoshea kidole.

Huenda msomaji akashangaa mtu wa isimu anatafuta nini katika mambo ya jeshi. Anatafuta maneno. Mswahili husema "ndege amepaa", akamaanisha kiumbe, na "ndege imepaa", akamaanisha mashine. Kiambishi kimoja tu chatosha kuwatenga. Mjaluo alilichukua neno hilo kwa ajili ya mashine peke yake, akambakizia wa mtini jina lake la asili, winyo. Rubani naye alikuwa mtu wa vyombo vya baharini kabla hajapandishwa angani. Na ukivuka mpaka pale Isebania, jeshi ambalo Kenya huliita la wanahewa, Mtanzania huliita la anga. Haya yote ni mali ya makumbusho sawasawa na injini na mabawa.

Tena si kwamba ziwa letu halikupitiwa na vita vya angani. Vita vya Kagera vilipozuka mwaka 1978, ndege tatu za Tanzania ziliangushwa kimakosa na walinzi wa anga wa Tanzania yenyewe karibu na Musoma, mji ulio ng'ambo tu ya mpaka wa Migori. Machi 1979, ndege ya Libya aina ya Tupolev, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, iliukosa mji wa Mwanza. Mabomu yake yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Miaka mitatu kabla ya hapo, Julai 1976, Waisraeli walizichoma ndege za kivita za Uganda zikiwa zimeegeshwa Entebbe. Wazee wanaoishi kando ya ziwa hili walizisikia habari hizo zikiwa mbichi, na kila mwaka wanapungua.

Mtu akitaka kuona jinsi chuma kinavyoweza kufundisha, anaweza kwenda Gweru, Zimbabwe, kwenye makumbusho ya kijeshi ambako zimehifadhiwa ndege za enzi ya Rhodesia. Mji huo una uhusiano na Kenya ambao wachache wanaujua. Miaka ya 1970 Kenya ilinunua ndege za Hunter kutoka Uingereza. Ilipopata F-5 za Marekani na Hawk za Uingereza, zile Hunter zilizosalia zilihamishiwa Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1980, zikawekwa katika kambi ya Thornhill, hapo hapo Gweru. Sehemu ya historia yetu, basi, ilikwisha kuondoka nchini kabla hatujaiandika.

Hata hivyo, tuseme serikali za kaunti zingepewa kesho ndege moja kuukuu, ikawekwa Kabunde au Lichota. Je, kibao kilicho mbele yake kingeandikwa nini? Hapo ndipo penye ugumu, wala si katika bei ya chuma. Jeshi la Wanahewa la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964. Alfajiri ya Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa vyeo vya chini waliiteka Sauti ya Kenya na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kule Nanyuki, marubani waliolazimishwa kwa mtutu wa bunduki kwenda kuupiga mji wa Nairobi waliyatupa mabomu msituni, Mlima Kenya. Jaribio lilizimwa siku hiyo hiyo. Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu walikimbilia Tanzania kwa ndege ya jeshi. Walirudishwa, wakanyongwa mwaka 1987.

Jeshi lenyewe lilivunjwa, na lililoundwa mahali pake likaitwa jina lenye tarakimu, '82. Tazama kazi ya jina hilo: jeshi lenye umri wa miaka 18 lilifanywa kana kwamba limezaliwa upya, na miaka yake yote ya nyuma ikafutwa kwa nambari mbili. Kambi ya Eastleigh ikapewa jina la Rais Moi, ya Nanyuki ikawa Laikipia. Jina la kale la jeshi halikurudi hadi mwaka 1994.

Kwa Waluo jambo hili lilikuwa na uchungu wa pekee, maana viongozi wa jaribio lile walikuwa watoto wa Nyanza, na tuhuma ziliwaangukia hata wasiohusika. Mafundi na makarani walitiwa mbaroni pamoja na waasi. Baadhi ya wanahewa wa zamani walifungua kesi za mateso na kulipwa fidia na mahakama miongo kadhaa baadaye; wengine walikwisha kufa. Katika nyumba nyingi mwaka ule haujazungumzwa mbele ya watoto hadi leo.

Kwa maoni yangu, makumbusho ya namna hii yaanzie kwenye kinasa sauti. Walimu wa sekondari na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya wawaendee wanahewa wastaafu vijijini, wawaulize zana ziliitwaje, amri zilitolewa kwa lugha gani, utani wa kambini ulikuwa upi, na Jumapili ile walikuwa wapi. Wayaandike majibu kwa Dholuo, kwa Kikuria, kwa Kisuba na kwa Kiswahili, kama yalivyotamkwa. Asiyetaka kutajwa jina asitajwe. Ndege kuukuu yaweza kungoja miaka mingine kumi; fundi aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka 1982 sasa amekwisha kutimiza 65 na ushei.